Nani alikuambia pori lile ni tupu?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwanaanthropolojia aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini na wafugaji na wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika hayachapishwi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika wilaya moja ya Mkoa wa Manyara. Miaka miwili iliyopita mfadhili alituchimbia kisima kirefu, tukajenga na birika la kunyweshea mifugo. Wananchi walishirikishwa: mihtasari ya mikutano ninayo, daftari la mahudhurio ninalo. Masika wanakuja kunywesha vizuri tu. Kiangazi, ambapo ndipo tulipotarajia foleni, hapaonekani hata mbuzi. Wanaswaga ng'ombe mwendo wa karibu saa tatu kwenda kwenye visima vyao vya kuchimba kwa mikono. Mfadhili anakuja kukagua mwezi wa kumi. Bosi wangu anasema watu hawa wamezoea shida. Nifanye nini? (Afisa, Manyara)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na bosi wako. Mwambie kwa adabu kwamba hakuna aliyezoea shida. Mtu anayetembea saa tatu jua la utosi na ng'ombe wenye kiu amepiga hesabu, na ndani ya hesabu yake kuna kitu ambacho hakimo kwenye mihtasari yako. Kabla ya mwezi wa kumi kazi yako ni kukipata.

Yako mambo madogo ya kuangalia kwanza. Onja maji yenyewe, tena yaonje Septemba, usiyaonje Aprili. Ukanda huo wa Bonde la Ufa visima vingine vina chumvi inayokolea mvua ikikatika. Pima ukingo wa birika: ndama anafika, au fundi alijenga kwa urefu wa maksai? Uliza ada ni kiasi gani kwa kichwa, na nani anaipokea. Kisha ulizia visima vile vya mikono ni vya nani. Kwa Wadatoga kisima kina mwenyewe, yule aliyekichimba na ukoo wake, na wengine huomba zamu. Mtu asipoonekana kisimani kwa wajomba zake miaka miwili, siku bomba lenu litakapoharibika atapokewa na nani?

Lakini ukinitaka nibashiri, tatizo lako ni majani. Ng'ombe wa kiangazi anahitaji maji na malisho siku hiyo hiyo. Umeniambia wanakuja masika. Basi masika yote mifugo inashinda hapo birikani, inamaliza kila kilichoota kwa mwendo wa saa nzima pande zote, na kiangazi kikiingia unabaki na maji mazuri katikati ya vumbi. Nani ampeleke ng'ombe wake akanywe maji afe njaa?

Najua kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, na barua ya pongezi nikaandikiwa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2000, katika kijiji kimoja cha Wadatoga upande wa magharibi wa Mlima Hanang. Shirika lililoniajiri, ambalo lilikwishafunga virago na sina haja ya kulitaja, lilikuwa na fedha za kisima kimoja na miezi minne ya kuzimaliza. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa masuala ya jamii. Nikaitisha mkutano. Walikuja wanaume themanini na kitu na wanawake kumi na mmoja, na hao kumi na mmoja walikaa nyuma, juani, maana kivuli cha mgunga kilikwishajaa. Tukapendekeza kisima kichimbwe kwenye uwanda ulio karibu na barabara. Tulisema ni kwa sababu mtambo wa kuchimbia utafika kwa urahisi. Hatukusema kwamba bango la mradi nalo litaonekana kwa wageni wakiwa bado ndani ya gari.

Mkutano ukielekea kwisha akasimama bibi mmoja, sketi ya ngozi imemfika vifundoni, bangili za shaba zimejaa mikononi. Alisema maneno marefu, akanyoosha mkono kuelekea uwandani, akakaa. Mkalimani wetu, kijana wa hapo hapo aliyemaliza kidato cha nne, akacheka kidogo, akatafsiri: "Bibi anashukuru kwa maji." Nikaandika: bibi anashukuru. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Maji yalitoka, tena matamu. Zikapigwa picha, mbuzi wakachinjwa. Masika yaliyofuata ng'ombe walishinda pale pale, kwani nani ahangaike kutafuta madimbwi porini wakati bomba lipo? Septemba ilipoingia uwanda ulikuwa mweupe kama sakafu, na ndama wakaanza kulala chini bila kuamka. Niliporudi kuuliza kulikoni, yule mkalimani alikuwa ameshaoa, ana ng'ombe wake, na posho yangu hakuihitaji tena. Ndipo aliponiambia alichosema bibi siku ile: "Hapo ndipo tunapowawekea ndama majani ya kiangazi. Mkiweka maji hapo, mmewaua ndama." Nikamwuliza kwa nini hakutafsiri. Akaniangalia hivi. "Mwalimu, mlikuwa mmeshakuja na mabomba kwenye gari."

Nililala bomani kwao msimu mzima, masika hadi kiangazi, safari hii kwa nauli yangu. Kumbe uwanda ule una jina, una wenyewe, na una siku ya kufungwa na siku ya kufunguliwa. Siku hiyo haimo kwenye kalenda: watu wanaisoma kwenye madimbwi yanavyokauka, lipi limeanza na lipi limefuata. Na wapo wa kuisimamia. Wanawake wa Kibarabaig, tawi mojawapo la Wadatoga, wana baraza lao, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumwita mwanaume, kumsomea kosa lake na kumtoza faini ya mfugo. Watafiti waliliandika baraza hilo tangu miaka ya 1960. Mimi mwenyewe nilisoma habari zake chuoni, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikafaulu. Siku ya mkutano wangu nilikuwa na wajumbe kumi na mmoja wa baraza hilo mbele ya macho yangu, nikawaandika kwenye safu ya "wanawake waliohudhuria".

Tulichokuja kufanya hakikuhitaji mfadhili. Tulinunua kufuli moja, tukaifunga pampu masika, ufunguo wakakaa nao akina mama wawili, na pampu ikafunguliwa pale tu dimbwi la mwisho lilipokauka. Mwaka wa kwanza ikaenda vizuri. Mwaka wa pili vijana wakaivunja kufuli usiku, baraza likakaa, na ng'ombe wa watu wakatoka. Majani yamerudi upande mmoja. Upande mwingine haukurudi, maana watu waliuona umekaa hivyo wakasema ni pori la bure, wakalima mahindi.

Kwa hiyo, mwanangu, chukua siku tano. Acha gari la halmashauri kwa mtendaji wa kijiji, nenda na ng'ombe. Usiulize "mnahitaji nini?", kwa kuwa swali hilo lina jibu lile lile nchi nzima: maji, barabara, zahanati. Uliza, "Mwaka ule wa ukame mkubwa mlihamia wapi, na nani aliwaruhusu?" Ukijibiwa hilo, chora ramani kwa kijiti chini, uwaache wakusahihishe. Watakusahihisha sana. Na uwe na wakalimani wawili wasiopatana.

Mfadhili akija mwezi wa kumi, mpeleke kwenye visima vya mikono. Wengine huelewa.

SWALI: Mwalimu, nipo mwaka wa pili chuoni hapa Iringa na nimevutiwa na anthropolojia tumizi. Nyumbani wananiuliza ndiyo kazi gani hiyo, nashindwa kuwajibu. Je, inalipa? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Waambie nyumbani ni kazi ya kuishi na watu muda wa kutosha hadi uelewe wanachofanya na kwa nini, halafu kuutumia uelewa huo kwenye jambo linaloamuliwa sasa: bwawa lijengwe wapi, chanjo ipelekweje, nani alipwe fidia na kwa kipimo gani. Wakati wa ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, watu walikuwa wanawaficha wagonjwa na kuzika usiku, kwa sababu maiti za ndugu zao zilichukuliwa kwenye mifuko na hawakuziona tena. Wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliosaidia kupanga maziko yaliyo salama ambayo bado ni maziko, yenye sala na ndugu kusimama pale. Hiyo ndiyo kazi.

Ila uijue na historia yake, maana inaanzia karibu na mlango wako. Moja ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kuitumia elimu hii katika utawala lilifanyika hapo hapo Iringa. Mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa serikali ya kikoloni, Bruce Hutt, walishirikiana kuwachunguza Wahehe, na kitabu chao kikachapishwa mwaka 1935. Afisa anauliza anachotaka kujua ili atawale, mtaalamu anakwenda kutafuta jibu, Mhehe anajibu. Miaka hiyo hiyo, kule London, Jomo Kenyatta alikuwa darasani kwa mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, anaisoma elimu ile ile ili aseme habari za Wakikuyu yeye mwenyewe. Hata leo ukipewa mkataba wa kazi, angalia kwanza swali limetoka kwa nani.

Inalipa? Inalipa kwa vipindi. Miezi sita una mshahara wa kuwatia watu wivu, miezi minane unafundisha masomo ya ziada. Kampuni zinazofanya tathmini ya athari za miradi kwa jamii huajiri, na mashirika pia. Jifunze lugha moja ya wafugaji hadi uweze kucheka nayo. Itakulisha kuliko shahada ya pili.

SWALI: Dada, nimesoma makala zako, na samahani, ninyi wataalamu mnawakwamisha watu. Nchi hii inaagiza ngano kutoka Urusi wakati kuna ardhi kubwa yenye rutuba imekaa tupu huko kaskazini, watu wachache wanazunguka nayo na ng'ombe. Halafu hili neno "wenyeji asilia" mmelitoa wapi? Sisi wengine ni wageni? (Mlipakodi, Dar es Salaam)

JIBU: Kaka, huna haja ya samahani. Barua kama yako huniamsha usingizini. Tena umetaja ngano, na ngano ilikwishajaribiwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilianza kulima ngano kwenye nyanda za Basotu, wilayani Hanang, na kwa karibu miongo miwili serikali ya Canada ilitoa fedha, mashine na wataalamu. Mashamba yakafika saba, jumla yake ekari kama 100,000. Ukipita wakati wa mavuno uliona mashine ndefu zinakwenda sambamba kama meli, na mkate wa mjini ulitoka huko. Kwenye ripoti ardhi ile iliandikwa kama haitumiki ipasavyo.

Wabarabaig walikuwa wanaitumia hivi. Malisho yao yana aina zake na kila aina ina msimu wake. Bora kuliko yote ni mabonde yenye udongo mzito wanayoyaita muhajega. Waliingia humo kwa wakati wake, wakatoka, majani yakapumzika. Ukitembelea mwezi ambao wametoka, unaona uwanda wa kijani hauna mtu wala mnyama, na kama una trekta mkononi utasema umeokota. Mtafiti mmoja, Charles Lane, alikaa nao miaka ya 1980 akaonyesha kwamba kuondoa muhajega hakukuwa kupunguza eneo tu. Mzunguko wote ulivunjika, maana mifugo ililazimika kubaki mwaka mzima kwenye malisho dhaifu, nayo yakachoka. Umwondolee mtu ghala lake la nafaka, kisha umlaumu kwa kula mbegu.

Na kulikuwa na makaburi. Mbarabaig aliyeheshimiwa hujengewa kilima cha udongo kwa maziko ya miezi mingi, bung'ed, na watoto wake huendelea kwenda pale kuomba. Baadhi ya vilima hivyo vililimwa. Jaribu kuwaza trekta katika makaburi ya Kinondoni, halafu uambiwe ni kwa ajili ya mkate.

Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha mwaka 1985, na hoja mojawapo ni kwamba hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Wewe unaniuliza neno "wenyeji" tumelitoa wapi, nami kila nikiikumbuka hukumu hiyo najiuliza vivyo hivyo. Canada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ngano, kama ulivyosema mwenyewe, bado tunaagiza.

Usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Kule Kalokol, Ziwa Turkana, Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kwenye joto lile kukawa ghali kuliko samaki mwenyewe, na ghuba iliyokuwa na samaki wengi ikakauka. Watu husimulia kisa hiki wakisema Waturkana hawakujua kuvua. Waturkana wa ziwani walivua siku zote, na samaki wao waliwakausha kwa jua ambalo halina bili.

Sasa, usiondoke ukidhani napinga kila mradi. Shinyanga miaka ya 1980 ilikuwa inaitwa jangwa: miti ilifyekwa, watu walihamishiwa vijiji vya pamoja na utaratibu wa zamani ukalegea. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa kifupi HASHI. Mwanzoni walileta miche na maagizo. Kilichowafaa hasa ni kugundua ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho masika ili kiwe akiba ya kiangazi. Wakaacha kuwafundisha watu, wakaanza kuwasaidia kufunga ngitili zao, za kaya na za kijiji. Zilizokuwa hazifiki hekta elfu moja zikawa zaidi ya hekta 300,000 miaka ya mwanzo ya 2000. Mizizi ilikuwa bado ardhini, na sheria ndogo za wazee nazo zilikuwa bado vichwani.

Kuhusu neno lenyewe. Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, tarehe 13 Septemba 2007, Tanzania ilipiga kura ya ndiyo na Kenya ikajizuia. Nyumbani serikali yetu husema kila Mtanzania ni mwenyeji, na kwa maana ya nani alifika kwanza haina kosa. Kwenye mijadala ya Afrika neno hilo linawahusu watu ambao maisha yao yote yameshikwa na ardhi fulani, na ambao namna yao ya kuitumia huonekana na wengine kama uvivu. Waogiek wa Msitu wa Mau ni mfano: mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, inayokaa hapo Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza msituni. Wewe wa Dar si mgeni, kaka. Tatizo ni kwamba kiwanja chako kikikaa miezi sita bila mtu, hakuna anayekiita pori.

SWALI: Takwenya, binti yangu. Mimi ni mzee wa Simanjiro, barua hii ameniandikia mjukuu. Wamekuja watu wa kampuni na gari jeupe. Wanataka tuwauzie hewa ukaa iliyo kwenye majani yetu, mkataba wa miaka 40. Fedha ya mwanzo wanasema hata wiki ijayo inatoka. Mkataba ni wa Kiingereza na ni mnene. Vijana wanataka tusaini, wameshahesabu pikipiki. Mimi nimechunga tangu sijaota ndevu, sijaona mtu akinunua hewa. Tusaini? (Mzee, Simanjiro)

JIBU: Iko, mzee wangu, na shikamoo. Kusaini au kutosaini ni kwenu. Nitakueleza kinachouzwa, kisha nikupe maswali ya kuwauliza.

Viwanda na magari ya dunia yanatoa moshi unaoongeza joto. Majani na miti huvuta sehemu ya hewa hiyo na kuihifadhi, nyingine kwenye mizizi na udongo. Mwenye kampuni Ulaya au Marekani analipa ili ahesabiwe kwamba moshi wake umefidiwa huko kwako. Hewa haendi nayo. Anachonunua ni ahadi yako ya namna utakavyochunga kwa miaka 40. Kwa hiyo utafute ndani ya kile kitabu cha mkataba mahali palipoandikwa ahadi hiyo, usomewe kwa Kimaa, neno kwa neno, na mtu ambaye hakulipwa na wenye gari jeupe.

Kisha jiulizeni wenyewe kwanza. Mwaka 2009 ng'ombe walipokufa Longido, Monduli na kwenu, mlihama wapi? Sasa waulize wenye kampuni: ukija mwaka kama ule, mkataba unaruhusu tuhame, au tutakuwa tumevunja? Na ndugu wa wilaya nyingine wakija na mifugo yao kuomba malisho, kama sisi tulivyoomba kwao, tutawafukuza? Alalili, yale malisho tunayowafungia ndama, zitabaki chini ya wazee, au ratiba itatoka kwenye kompyuta ya mtu? Fedha ya mwanzo ni zawadi au ni mkopo, na tukijitoa tunairudisha? Kati ya kila shilingi mia itakayouzwa, kijiji kinapata ngapi, na nani ataonyesha risiti? Mwenye umri wa mjukuu wako aliyeandika barua hii atakuwa mzee mkataba ukiisha. Je, anaweza kuubadilisha katikati?

Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haiamuliwi na mwenyekiti na watu watatu hotelini. Jambo zito kama hili ni la mkutano mkuu wa kijiji. Biashara ya kaboni, yaani hiyo hewa ukaa, nayo ina kanuni zake za mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tuma kijana akaulize kama kampuni hiyo inajulikana huko. Hiyo pikipiki ya kwanza itumike kwa safari hiyo.

Nisikutishe tu. Upo mfano niliouona kwa macho yangu, Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe. Wao ndio waliowahi kupata shida ya kupangiwa maisha: mwaka 1964 na 1965 walikusanywa Yaeda Chini wakae na kulima, wengi wakaugua, kadhaa wakafa, waliobaki wakarudi porini. Baadaye wakulima na wafugaji wakawa wanawabana kila upande. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la wenyeji linalofanya kazi ya ardhi na wafugaji na wawindaji, walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, ya jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Kwanza ikapangwa ardhi: hapa pa kuwinda na kuchimba mizizi, hapa pa malisho ya jirani, hapa pa kulima. Hati mkononi ndipo mkataba wa kaboni ukaja, juu ya miti ambayo isingelindwa ingefyekwa. Wanaolinda ni vijana wao wenyewe, wanalipwa, na fedha nyingine inakwenda kwenye matibabu na ada za shule.

Sehemu hiyo ya fedha uiangalie sana. Jioni moja niliketi kambini kwao, akaja mtu na asali aliyoonyeshwa na yule ndege anayewaita watu kwenye mizinga. Aliiweka chini, akageuka kuegesha upinde wake mtini, na alipogeuka tena hapakuwa na asali. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeshukuru, na mwenyewe hakukunja uso. Akalamba vidole vya mtoto wake. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mengi kuhusu ugawanaji huo. Kwa watu wa namna hiyo noti mfukoni mwa mmoja ni ugomvi wa kambi nzima, ila zahanati haigombaniwi. Ninyi Wamaasai hamgawani hivyo, mna mali za boma na za wake, kwa hiyo dawa yao si lazima iwe yenu. Kaeni enkiguena, kikao chenu cha jamii, mjue fedha itapita wapi kabla haijafika, na akina mama wawepo, wakae kivulini.

Mkiona kampuni haina subira ya kusubiri enkiguena mbili tatu, basi hiyo miaka 40 wataisubirije?

SAHIHISHO: Msomaji wa Babati ameniandikia mstari mmoja tu: "Dada, sisi si Mang'ati." Amesema kweli. Toleo lililopita nililiandika jina hilo mara mbili kwa mazoea ya mjini. Ni neno la Kimaasai, na maana yake ni adui. Wenyewe ni Wadatoga.